Nusu dakika ya subira: Sindano ya kuzuia damu kuganda na madoa yanayomtisha mgonjwa

MGONJWA anayetoka hospitalini kurejea nyumbani Tudor, Majengo au Mji wa Kale akiwa na sindano za kuzuia damu kuganda hukabidhiwa kazi ambayo wodini ilikuwa ya muuguzi. Kila siku, kwa muda wa siku kumi na wakati mwingine wiki sita, ni sharti adungwe tumboni na jamaa yake, aende zahanati iliyo karibu au ajidunge mwenyewe.

Hazipiti siku nyingi kabla ya tumbo kuanza kuonyesha madoa. Kwa mwenye ngozi ya maji ya kunde huwa ya zambarau, kisha yakageuka kijani na manjano. Kwa mwenye ngozi nyeusi sana huonekana kama weusi uliozidi, na pengine hugunduliwa kwa kugusa tu, kwani mahali hapo huwa pagumu na penye maumivu. Hapo ndipo swali huzuka miongoni mwa watu wa nyumbani: je, dawa hii inatibu au inadhuru?

Swali hilo si dogo. Anayeamini kwamba sindano inamharibu huipunguza, huichelewesha au huiacha kabisa. Naye anayeiacha kabla ya wakati hurudi katika hatari ile ile iliyomfanya daktari amwandikie dawa, yaani damu kuganda ndani ya mishipa mikubwa ya mguu, donge likang'oka, likasafiri hadi mapafuni na kumuua mtu aliyekuwa akizungumza dakika chache kabla.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba madoa hayo hayatokani na dawa pekee. Sehemu yake hutokana na mkono unaodunga: mahali ulipochagua, jinsi ulivyoshika ngozi na, zaidi ya yote, kasi uliyotumia kuisukuma dawa. Tofauti kati ya sindano ya sekunde 10 na ile ya sekunde 30 haihitaji shilingi hata moja kutoka hazina ya kaunti. Inahitaji subira na mtu wa kuifundisha.

Dawa ya karne moja

Dawa zinazozungumziwa hapa ni jamii ya heparini. Heparini iligunduliwa mnamo 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani na mwanafunzi Jay McLean, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Profesa William Howell. Baadaye wanasayansi waliigawanya katika molekuli ndogo zaidi, zikapatikana dawa ambazo hudungwa chini ya ngozi mara moja au mbili kwa siku bila mgonjwa kulazimika kupimwa damu kila mara. Inayojulikana zaidi kati ya hizo ni enoksaparini, iliyoidhinishwa Marekani mnamo 1993 na kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) mnamo 2015.

Wanaoihitaji ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wamo majeruhi wa ajali za bodaboda na matatu waliovunjika nyonga au paja na kulazimika kulala kitandani kwa majuma. Wamo wagonjwa wa saratani. Wamo waliogunduliwa kuwa na donge mguuni. Wamo pia wanawake wenye vali bandia za moyo ambao, wanaposhika mimba, huenda wakaondolewa warfarini kwa muda kwa sababu vidonge hivyo vyaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza.

Kundi jingine kubwa ni la wanawake wajawazito na waliojifungua. Mimba huongeza uwezekano wa damu kuganda mara nne au tano, na hatari huwa juu zaidi katika wiki sita baada ya kujifungua. Kwa waliopasuliwa, hatari huongezeka tena. Ndiyo maana miongozo ya Uingereza hupendekeza sindano kwa siku 10 baada ya uzazi kwa walio katika hatari ya wastani, na kwa wiki sita kwa walio katika hatari kubwa.

Janga la korona nalo liliwafanya watu wengi zaidi duniani wazifahamu sindano hizi. Mnamo Mei 6, 2020, siku ambayo serikali ilitangaza kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa pamoja na Eastleigh jijini Nairobi, madaktari katika mataifa mbalimbali walikuwa tayari wametambua kwamba virusi hivyo husababisha damu ya wagonjwa mahututi kuganda. Heparini ikawa sehemu ya kawaida ya matibabu ya waliolazwa.

Kwa nini ngozi huvilia damu

Chini ya ngozi ya tumbo kuna tabaka la mafuta lenye mishipa midogo ya damu ambayo jicho haliwezi kuiona. Sindano yoyote ikiingia hapo huenda ikatoboa mmoja au miwili. Kwa mtu asiyetumia dawa hizi, tundu hilo huzibika mara moja. Kwa anayezitumia, dawa yenyewe huchelewesha kuzibika huko na damu huendelea kuvuja polepole chini ya ngozi. Hilo ndilo doa.

Kwa hivyo, hakuna mbinu inayoweza kuyaondoa madoa yote. Muuguzi anayemwahidi mgonjwa kwamba hatapata hata doa moja anamdanganya, na siku doa litakapotokea imani yote itapotea. Ahadi ya kweli ni kwamba madoa yaweza kuwa machache, madogo na yasiyo na maumivu makali.

Kasi ndiyo inayoshukiwa zaidi. Dawa inaposukumwa kwa nguvu, tabaka la mafuta halipati nafasi ya kutanuka na kuipokea. Shinikizo huongezeka ghafla, mishipa midogo hupasuka na neva za maumivu huamka. Ikisukumwa polepole, dawa hutawanyika taratibu. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo ina maana ya kitabibu.

Utafiti umelipima jambo hilo. Mnamo 2001 kulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 34 wa kiharusi huko Hong Kong. Kila mmoja alidungwa kwa njia zote mbili, mara kwa sekunde 10 na mara kwa sekunde 30. Sindano ya polepole ilileta maumivu kidogo na madoa madogo zaidi. Mnamo 2008 watafiti nchini Uturuki waliripoti matokeo yaliyoelekea upande huo huo kwa wagonjwa 50. Mtandao wa Cochrane, unaochuja tafiti za kitabibu duniani, uliyakusanya majaribio ya aina hiyo mnamo 2014 na kuyapitia tena mnamo 2017.

Hata hivyo, ni haki msomaji aelezwe uzito halisi wa ushahidi huo. Majaribio yenyewe ni machache na madogo, na Cochrane haikuyapa daraja la juu la uhakika. Kama sekunde 30 zingekuwa dawa ghali ya kuagizwa kutoka nje, waziri wa afya angekuwa na sababu ya kusita. Lakini zinapatikana bure, hazina madhara yanayojulikana na kila muuguzi anazo. Katika hali kama hiyo, ushahidi wa wastani watosha kubadilisha mazoea.

Hatua zinazostahili kufuatwa

Mbinu yenyewe haina ugumu. Kwanza, anayedunga anawe mikono, na mgonjwa aketi au alale chali akiwa ametulia ili misuli ya tumbo ilegee. Mahali panapofaa ni ubavuni mwa tumbo, kulia au kushoto, si chini ya sentimita tano kutoka kitovuni. Makovu, mahali palipovilia tayari na mshono wa upasuaji huepukwa.

Pili, pande zibadilishwe. Leo kulia, kesho kushoto, na kila mara pachaguliwe mahali papya. Familia nyingi hudunga pale pale kwa sababu mkono umepazoea, na hapo ndipo doa moja hugeuka kuwa uvimbe mgumu. Tarehe na upande vikiandikwa kwenye daftari au kalenda ya ukutani, kosa hili huepukika kwa urahisi.

Tatu, spiriti ikitumiwa iachwe ikauke kabisa kabla ya sindano kuingia, la sivyo huwasha.

Nne, sindano zinazotoka kiwandani zikiwa zimejazwa dawa huwa na kiputo kidogo cha hewa. Wengi hukiondoa kwa kuogopa kwamba hewa itaingia kwenye damu. Hofu hiyo haina msingi kwa sindano ya chini ya ngozi. Mgonjwa anayetumia dawa yote iliyomo haondoi kiputo, kwani akijaribu huenda akamwaga sehemu ya dawa. Aliyeagizwa kutumia kiasi pungufu ndiye anayehitaji maelekezo tofauti kutoka kwa muuguzi au mfamasia.

Tano, ngozi hukunjwa taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, na mkunjo huo hushikiliwa mpaka mwisho. Sindano huingia ikiwa wima, urefu wake wote. Baada ya kuingia haivutwi nyuma kutafuta damu kama inavyofanywa kwa sindano za msuli, kwa sababu kuvuta huko huchubua mishipa.

Sita, dawa husukumwa polepole huku anayedunga akihesabu hadi 30. Akimaliza hungoja sekunde chache, huitoa sindano ikiwa imenyooka, kisha huachia ngozi.

Saba, mahali hapo hapasuguliwi wala kukandwa. Pamba kavu hubonyezwa kidogo, basi. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa huwasaidia baadhi ya wagonjwa kupunguza maumivu, ingawa tafiti hazikubaliani kama hupunguza madoa.

Mkaja, maji ya moto na sindano

Hatua ya saba ndiyo inayogongana na desturi za Pwani. Katika familia nyingi za Waswahili wa Mombasa, mwanamke aliyejifungua hukaa arobaini. Katika siku hizo hukandwa kwa maji ya moto, husingwa kwa mafuta na hufungwa mkaja ili tumbo lirudi. Wanaomhudumia ni mama, shangazi na wakunga wenye uzoefu wa miaka mingi, na nia yao ni njema.

Tatizo ni kwamba tumbo linalokandwa na kubanwa ndilo hilo hilo linalodungwa. Kusugua mahali palipodungwa hivi punde huieneza damu iliyovuja na kulikuza doa. Doa linapokua, lawama huangukia dawa. Mzazi huambiwa kwamba sindano za hospitali zinamwozesha tumbo, na kufikia wiki ya pili dawa iliyobaki imo kabatini.

Kuwaambia wazee kwamba mila yao ni ya kizamani hakutasaidia lolote. Muuguzi mwenye hekima atamwita mama au mkwe anayemhudumia mzazi kabla hajaondoka wodini na kupanga naye. Aeleze kwamba miguu na mgongo vyaweza kuhudumiwa, lakini tumbo lenye mahali pa sindano lisikandwe, na mkaja usibane mahali hapo. Kwa aliyepasuliwa, aulize daktari anasemaje kuhusu mkaja wenyewe. Pia aeleze kwamba paja laweza kutumiwa badala ya tumbo iwapo hospitali imeridhia. Mazungumzo hayo ya dakika tano yana nguvu kuliko karatasi ya maelezo ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya paketi.

Kuna maswali mengine ambayo mgonjwa wa kisiwani huuliza kimoyomoyo. Heparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe, na Mwislamu ana haki ya kulijua hilo na kuuliza. Mnamo 1995 wanazuoni na madaktari wa Kiislamu waliokutana Kuwait walilijadili suala la vitu haramu na najisi katika vyakula na dawa, ikiwemo kanuni ya istihala, yaani kitu kubadilika umbile hadi kikawa kingine. Aidha, kanuni ya dharura yajulikana na kila mwanachuoni. Kuhusu Ramadhani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mnamo 1997 kwamba sindano za matibabu za ngozi, msuli au mshipa hazibatilishi saumu, isipokuwa zile za kulisha. Mgonjwa mwenye shaka amwone imamu na daktari wake kabla hajaiacha dawa, kwani huenda akaelezwa kuhusu dawa mbadala isiyotokana na mnyama.

Muda wa muuguzi

Upande wa pili wa hoja hii ni wa wauguzi wenyewe. Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wakazi wengi wa kisiwani bado huiita Makadara, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Tangu huduma za afya zigatuliwe mnamo 2013, malalamiko kuhusu uhaba wa wauguzi yamesikika katika kaunti nyingi nchini, na mgomo wao wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano. Je, ni haki kumtaka mfanyakazi aliyelemewa apunguze mwendo?

Hesabu yenyewe yatoa jibu. Sekunde 30 badala ya 10 ni nyongeza ya sekunde 20. Katika wodi yenye wagonjwa 30 wanaodungwa mara moja kwa siku, nyongeza hiyo ni dakika 10 kwa siku nzima. Si muda mdogo kwa muuguzi mmoja wa zamu, lakini ni mdogo ukilinganishwa na saa zinazotumika kumhudumia mgonjwa mmoja anayerudishwa akiwa na donge mapafuni.

Fauka ya hayo, mgonjwa anayedungwa vizuri wodini hujifunza kwa kutazama. Anayedungwa haraka haraka naye hujifunza, ila hujifunza haraka hiyo hiyo na kuipeleka nyumbani.

Mjadala wa afya nchini tangu Bima ya Afya ya Jamii ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 umekuwa wa fedha: nani analipa, kiasi gani na kwa hospitali ipi. Ni mjadala wa lazima. Lakini sindano iliyolipiwa na bima, au iliyonunuliwa na familia katika duka la dawa kwa fedha za kuchangishana, haina faida yoyote ikiachwa kabatini. Fedha zimetumika, na hatari imebaki pale pale.

Linaloweza kufanywa sasa

Idara ya afya ya kaunti haihitaji sheria mpya. Yaweza kuamuru kwamba hakuna mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani na sindano hizi kabla yeye au jamaa yake hajadunga walau mara moja mbele ya muuguzi, huku akihesabu kwa sauti. Yaweza kuchapisha ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye picha na kuusambaza katika wodi zote, katika hospitali ya Tudor na katika maduka ya dawa ambako wagonjwa huenda kudungwa.

Chuo cha mafunzo ya matabibu, KMTC, kina tawi lake Mombasa, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor hufundisha masomo ya afya. Wanafunzi wa taasisi hizo ndio watakaokuwa mikono ya kesho. Tena majaribio ya Hong Kong na Uturuki hayakuhitaji mitambo, bali saa, rula na daftari. Hakuna kinachozuia swali hilo kupimwa kwa wagonjwa wa Pwani, ambao ngozi zao hazionyeshi madoa kwa namna ile ile.

Kadhalika, wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa rasmi na serikali mnamo Septemba 2023 huzuru nyumba kwa nyumba. Wanaweza kufunzwa kuuliza maswali matatu: sindano zimebaki ngapi, doa likoje, na sindano zilizotumika zinawekwa wapi. Swali la mwisho lina uzito wake katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako sindano iliyotupwa ndani ya mfuko wa taka humdunga mzoaji au mtoto. Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, itakayorudishwa hospitalini ikijaa, yatosha.

Wahudumu hao pia wafunzwe dalili za hatari, kwani si kila doa ni la kawaida. Uvimbe unaokua na kuwa mgumu siku baada ya siku, fizi zinazotoka damu, choo cheusi au kuumwa kichwa ghafla na vikali ni sababu ya kwenda hospitalini mara moja. Ndivyo ilivyo kwa mguu mmoja unaovimba, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Anayetumia sindano hizi asijinunulie aspirini wala diklofenaki kwa ajili ya maumivu bila kumuuliza daktari, kwa sababu dawa hizo huongeza kuvuja damu.

Baada ya hayo yote, uamuzi wa kuendelea au kuacha hubaki mikononi mwa mgonjwa, nyumbani kwake, jioni, akiwa na sindano mkononi na tumbo linalouma. Hospitali haipo pale kumsihi. Kinachobaki naye ni kile alichofundishwa kabla ya kutoka. Kama alifundishwa kwamba doa dogo si ishara ya kudhurika, na kwamba kuhesabu hadi 30 hupunguza uchungu, ana sababu ya kuendelea mpaka siku ya mwisho. Kama hakufundishwa lolote, si ajabu akiiacha, na lawama haitakuwa yake peke yake.